Hodi ya Tatu

Watakaosema niliota na waseme. Nilikuwa macho, ilikuwa mchana, saa kumi na nusu hivi, na chai yangu ilikuwa bado ya moto mezani. Nayataja haya mapema kwa sababu najua mambo yanavyokwenda. Ukisema umeona kitu, mtu wa kwanza hukuuliza ulilala saa ngapi, wa pili hukuuliza umekula nini, na wa tatu hakuulizi neno, huenda moja kwa moja kwa mama yako kumshauri akutafutie mtu wa kukusomea. Yote matatu yamenipata. Nimesomewa, nimenyweshwa kombe la aya zilizooshwa kwa maji, nimefukizwa ubani mpaka nguo zangu zikanuka wiki nzima, na kisa ni kile kile. Kwa hivyo sitakiremba wala sitakipunguza.

Kwanza kazi yangu, kwa sababu bila ya hiyo hutafahamu kitu. Mimi husanifu mandhari ya jukwaa. Kwenye mchezo wa kuigiza, mimi ndiye ninayeamua nyumba ikae wapi, mlango ufunguke kwa ndani au kwa nje, na nuru itoke upande gani. Tena nimejifunza kurusha picha kwa projekta juu ya mbao na vitambaa, ukatazama kitambaa cheupe ukaona ukuta wa nyumba wenye nyufa zake na kuvu yake. Nilisomea Dar es Salaam miaka mitatu. Baba yangu, Mzee Faki, huieleza elimu hiyo kwa maneno machache zaidi. Husema nilikwenda kujifunza kutia giza mchana.

Na mimi ni mtu wa kufikiri kupita kiasi. Sijisifu, ni maradhi. Nikimwandikia mtu "ahsante" huisoma mara sita kabla ya kuituma, na nikishaituma huanza kujiuliza kama haikuwa kavu. Nimewaomba radhi watu walionikanyaga. Likumbuke hilo, maana baadaye utashangaa.

Mwaka jana nikarudi nyumbani Mkoani, kwetu kisiwani, sina kazi, nikakutana na Bi Rukia. Bi Rukia ni mwalimu mstaafu, mwembamba, ana sauti ya kusimamisha gari. Alikuwa ametunga tamthilia ya kuimbwa mwanzo hadi mwisho, na udi na fidla na waimbaji kumi na mbili, juu ya mjane anayetakiwa na ndugu wa mumewe atoke katika nyumba yake, naye akakataa. Wenzake kwenye kamati ya onyesho walitaka nyuma ya jukwaa kutundikwe kitambaa cha minazi kama kwenye ukumbi wa harusi. Bi Rukia akasema hapana, apewe mtoto wa Mzee Faki, kasomea. Baba naye akasema haya, lakini akaweka sharti. Alikuwa amenitafutia ukarani katika ofisi moja karibu na bandari. Onyesho likienda vizuri, ananiacha mwaka mmoja nijaribu bahati yangu. Likiharibika, Jumatatu inayofuata naingia ofisini. Sikuwa na nafasi nyengine, na yeye alijua kuwa najua.

Bi Rukia alitaka onyesho liwe baada ya Alasiri, ili wanawake na watoto wawahi majumbani kabla ya Magharibi. Fikra njema, lakini projekta haitaki jua. Ukumbi wetu ulikuwa ghala kongwe la karafuu lenye madirisha kumi na sita, na ilinibidi niyafunike yote. Nikaenda dukani kununua kaniki, kitambaa cheusi kuliko vyote, nikaagiza majora mawili.

Mwenye duka akaacha kupima, akanitazama. "Majora mawili? Nani kapandwa?"

"Hakuna aliyepandwa. Nafunika madirisha."

"Na madirisha nayo yana shetani?"

Watu dukani wakacheka. Kwetu, kaniki nyingi namna ile hununuliwa kwa ajili ya mtu wa kupungwa pepo, kila mtu anajua, na mimi niliyezaliwa hapa hapa sikulifikiria hilo hata kidogo. Mimi, ninayefikiria kila kitu. Kabla ya jioni habari ilishafika nyumbani kwamba nina pepo.

Sasa ikabaki kupata nyumba. Nilitaka nyumba ya kweli, si ya kuchora. Mjomba Kombo, ndugu wa mama yangu, ndiye fundi seremala aliyetujengea jukwaa, na ndiye aliyenipakia kwenye pikipiki yake tukazunguka kisiwa kutafuta. Tulifika mpaka Makangale, kule kaskazini karibu na msitu wa Ngezi. Mjomba akasimama barabarani kuzungumza na mtu anayeuza mbao, mimi nikaingia kwa miguu katika njia ya mashambani, na huko nikaiona.

Nyumba ya mawe na udongo, peke yake, paa la makuti limeporomoka upande mmoja. Mlango wa mbao uliwahi kupakwa rangi ya buluu. Umefungwa. Hakuna kuku, hakuna nguo kwenye kamba, hakuna moshi. Lakini uwanja ulikuwa umefagiliwa. Namaanisha umefagiliwa siku ile ile, mistari ya ufagio wa chelewa inaonekana juu ya mchanga, safi, haijakanyagwa hata na ndege.

Unajua adabu yetu. Ukifika kwa mtu unapiga hodi. Usipojibiwa unapiga ya pili, kisha ya tatu, na ya tatu isipojibiwa unaondoka, usichungulie wala usinung'unike. Hata nyumba tupu hupigiwa hodi, kwa sababu huwezi kujua. Mimi nilisimama pale nikafikiri. Nikipiga hodi na asijibu mtu, nitaonekana mjinga. Nikipiga hodi na akajibu mtu, je? Nikaitazama ile mistari ya ufagio. Nikaona bora nisipige. Nilipiga picha arubaini na kitu, haraka haraka, nikarudi barabarani karibu nakimbia.

Niamini, nilijua nimekosa kabla sijafika kwenye pikipiki.

Ghalani tukaanza kazi. Mjomba alijenga fremu ya mlango katikati ya jukwaa, vipimo vile vile vya mlango wa kwenye picha, na nyuma yake tukatundika kitambaa cheupe cha marekani kilichopasuliwa katikati, ili mwimbaji aweze kupita. Kazi yangu ilikuwa kuilaza picha sawasawa juu ya fremu: bawaba juu ya bawaba, kizingiti juu ya kizingiti. Ukikosea upana wa kidole, mtazamaji anaona kitambaa na si nyumba. Kila hatua ya waimbaji Bi Rukia aliipanga kufuata mlango ule. Mjane anaegemea pale, mashemeji wanasimama pale. Bila ya nyumba ile hakukuwa na mchezo.

Siku mbili kabla ya onyesho, wenzangu walikwenda msikitini kusali Alasiri, wengine wakaenda kula. Mimi sikuwa naswali siku zile, nikabaki peke yangu mezani katikati ya ghala, projekta inavuma, kaniki zimeshuka, giza kama usiku wa manane ilhali nje jua linawaka. Nilikuwa nasogeza kitasa cha mlango kidogo kidogo kwenye kompyuta, kikae mahali pake.

Nikasikia, "Hodi."

Nikajibu, "Karibu."

Ningefanya nini? Hata wewe ungejibu. Mpemba akisikia hodi ulimi hutangulia. Nilikuwa nimeshasema ndipo nikatambua kwamba sauti haikutoka mlango wa ghala nyuma yangu. Ilitoka mbele. Ilitoka ndani ya nyumba.

Kitambaa cha katikati kikafunuka, akatoka bibi mmoja, kanga kiunoni na kanga kichwani, zote zimechujuka. Nilijiambia ni mtu wa mtaani kapita mlango wa nyuma. Nikamtazama miguu. Najua na wewe ungetazama. Si kwato. Miguu ya mtu, mipana, ina mchanga mweupe kati ya vidole. Nikashusha pumzi. Halafu akasogea mbele ya fremu, katikati ya nuru, na mimi kazi yangu ni nuru. Mtu akisimama mbele ya projekta mambo mawili hutokea, hayana budi: picha humwangukia mwilini, na nyuma yake hubaki umbo lake jeusi. Mlango wa buluu ulipaswa kumpaka buluu usoni. Haukumpaka. Na nyuma yake mlango ulikuwa mzima, kitasa na nyufa, kama kwamba hapana aliyesimama pale.

"Ahsante," akasema. "Kumbe wajua kuitika. Mie nilidhani kwenu hamkufunzwa."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mtoto wa nani weye?"

"Wa Mzee Faki, wa hapa Mkoani."

"Mzee Faki hajui hodi?"

"Anajua."

"Akakuficha?"

 Akazunguka jukwaani, akaigusa fremu ya Mjomba Kombo kama mtu anayekagua ubao sokoni. "Ulipofika uwanjani kwangu ulisema nini?"

"Sikusema kitu, bibi. Nilijua hakuna mtu."

"Ulisema. Ulisema, 'nuru nzuri.' Mie nimo ndani nachambua mchele, nasikia mtu nje asema nuru nzuri. Nikangoja hodi. Nikasema labda mgeni huyu apumua kwanza. Nikangoja. Halafu nasikia wenda zako, na nyumba yangu nayo yenda."

Na kweli nilisema "nuru nzuri". Nilisema kwa sauti ndogo, peke yangu, na sikumwambia mtu yeyote.

"Wataka nini, bibi?" Sauti yangu ilikuwa kama ya kifaranga.

"Ifute picha hino, na weye uje. Aingiaye kwangu bila ya hodi simtoi. Mwili warudi kwao, hula wali, hulala. Mwenyewe hubaki kwangu. Uwanja ule wadhani nani aufagia?"

 Visa vya watu waliochukuliwa, wakabaki kwao kama vivuli, tumevisikia sote tangu utotoni. Hakuna Mpemba asiyejua jirani wa jirani aliyepatwa.

"Na nisipofuta?"

"Keshokutwa watia watu humu. Kila atakayeitazama kaingia. Wanawake, watoto, wazee. Nami uwanja wangu mkubwa." Akatabasamu, na meno yake yalikuwa mazuri, sijui kwa nini hilo ndilo linaloniuma zaidi. "Chagua. Weye peke yako, au nyote."

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mama yangu mpaka leo haliamini kuliko hata bibi mwenyewe. Nilikasirika. Mimi, niombaye radhi kwa waliokanyaga mguu wangu. Nililifikiria onyesho, na Salma, mwimbaji wetu wa nafasi ya mjane, aliyepoteza sauti kwa mazoezi akairudisha kwa tangawizi, na watoto ambao kosa lao litakuwa kukaa mkekani wakatazama. Neno likatoka kabla sijalisoma mara sita.

"Sifuti."

"Eti nini?"

"Sifuti, wala siendi, wala hao huwapati. Nimekosa hodi. Hilo kosa langu, nalibeba. Lakini hodi hupigwa mlangoni, na mlango wako sasa uko hapa. Nikiufuta nitapiga wapi?"

  "Haya," akasema. "Tutaona nani mwenye nyumba."

Umeme ukakatika. Ulipokatika giza langu likawa giza kweli. Nikaikimbilia kaniki ya dirisha la karibu nikaivuta yote ikaanguka, jua likaingia, na jukwaani hapakuwa na mtu.

Utasema umeme hukatika kila siku. Ni kweli. Basi nieleze hili. Uliporudi nikawasha, picha ikapanda. Mchanga wa uwanjani, ambao niliupiga picha haujakanyagwa, ulikuwa na nyayo. Nyayo pana, zimetoka kizingitini zikaja mbele mpaka ukingo wa chini wa picha. Za kutoka tu. Za kurudi hazikuwepo. Nikafungua picha ile ile kwenye simu yangu, na humo pia zilikuwepo.

Kwa hivyo usiniulize kwa nini sikurudi Makangale kumwangukia miguuni. Makangale hakukuwa na mtu. Mwenyewe alikuwa Mkoani.

Usiku ule sikulala, na uliofuata sikulala. Nilifikiri kama sijawahi kufikiri. Nikifuta, nimeshaingia tayari bila ya hodi, atanichukua, na mlango wa kulitengeneza kosa utakuwa umepotea. Nikionyesha kimya kimya, atachukua watu wa watu. Nikiahirisha, nitakwenda ofisini Jumatatu, naye atabaki hapa hapa nje ya nyumba yake, ananingoja. Basi lazima wote wapige hodi kabla ya kutazama, kwa kinywa chao. Lakini wakipiga tatu na yule asijibu? Na hatajibu, kwani atapata nini akijibu? Ya tatu isipojibiwa, adabu inasema tuondoke. Ukumbi mzima usimame uende zake. Hapo angekuwa ameshinda bila ya kuinua kidole.

Asubuhi ya siku ya onyesho nikamwendea Mjomba Kombo karakanani, nikamweleza yote. Hakucheka. Alizima randa yake akakaa juu ya ubao.

"Uwanja ulifagiwa, ukaona, ukanyamaza?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Chuo hicho walikufunza kila kitu ila akili." Akajikuna kidevu. "Mtu akipiga moja asijibiwe?"

"Anapiga ya pili."

"Akipiga ya pili asijibiwe?"

"Anapiga ya tatu."

"Lini?"

"Lini vipi?"

"Nakuuliza lini, mpwa wangu. Ya tatu hupigwa lini? Nani kaweka saa? Babu yako alikuwa akipiga mbili kwa watu, akakaa barazani kwao akavuta kiko, mpaka chai ikaletwa. Mtu aliyepiga mbili yuko mlangoni kwa adabu. Hajaingia, hajafukuzwa. Huna la kumfanya."

Niliondoka pale nikiwa na kitu ambacho sijawahi kupata kwa kufikiri peke yangu: tukipiga mbili tu, watu watatazama wakiwa mlangoni, hawajaingia, naye hatakuwa na la kuwafanya. Bi Rukia sikumwambia kisa. Nilimwambia nataka mchezo uanze kwa hodi, watu wote wapige pamoja na mimi kabla picha haijawashwa, mara mbili tu. Akakunja uso. "Kwa nini mbili?" Nikasema ni mambo ya mandhari. Akasema haya, tena itawanyamazisha.

Baada ya Alasiri ghala lilijaa mpaka mlangoni. Mamia ya mabuibui, watoto mapajani, wazee kwenye viti vya mbele, baba yangu katikati yao na uso wa mtu aliyekuja kuthibitisha. Nikashusha kaniki ya mwisho. Giza. Watoto wakapiga kelele za furaha. Nikashika maikrofoni, projekta imewashwa lakini nimeifunika kwa kitabu.

"Mabibi na mabwana, ndugu zangu. Nyumba mtakayoiona ina mwenyewe. Tumpigie hodi. Mara mbili, pamoja nami. Msizidishe."

"Hodi," nikasema, na ghala zima likasema hodi, likavuma mpaka kwenye mabati.

Kimya.

"Hodi."

"Hodi," wakasema, na sauti ya watoto ilikuwa juu ya zote.

Kimya tena. Sasa fikiria, watu mia nne waliozaliwa na kulelewa kupiga tatu. Nilisikia vifua vikivuta pumzi kwa ajili ya ya tatu. Ni kama chafya, haizuiliki. Nikainua mkono, kama kwamba kuna anayeniona gizani, nikasema, "Basi. Tunangoja."

Na mbele kabisa, upande wa jukwaa, sauti ya bibi ikasema kwa upole mkubwa, "Na ya tatu?"

Watu wakacheka. Walidhani ni mwigizaji. Bi Rukia, nyuma ya pazia, alidhani ni mzee mmoja mchekeshaji wa viti vya mbele. Mimi peke yangu, na labda Mjomba Kombo aliyekuwa kando ya fremu na nyundo mkononi, sijui alifikiri atapiga nini nayo, sisi wawili tulijua. 

"Bado," nikasema.

Nikakiondoa kitabu. Nyumba ikapanda juu ya kitambaa, bawaba juu ya bawaba, na watu wakaguna wote pamoja.

Salma aliimba siku ile kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba ni yake kweli. Alipofika mahali pa kuwaambia mashemeji "sitoki," akasimama mbele ya fremu, na nuru ikamwangukia, na kivuli chake kikaonekana juu ya mlango. Pembeni yake kikaonekana kivuli cha pili, kimekaa chini kizingitini, kimejikunja, kama mtu aliyekaa kungoja. Nikasimama kutazama nani yuko mbele ya projekta. Hapakuwa na mtu ila Salma. Kivuli kilikaa pale mpaka mwisho. Hakikuinuka, hakikumgusa mtu.

Watu walipiga makofi mpaka vumbi la karafuu likashuka kutoka darini. Bi Rukia akanikumbatia, akasema kile kivuli cha pili ni mawazo ya mtu aliyekomaa, mjane na upweke wake. Unajua nilisema nini? Nilisema ahsante.

Baba alinitazama njiani kwenda nyumbani. Kisha akasema, "Yule bibi aliyeuliza ya tatu. Ulimjibu vibaya. Mtu mzima hajibiwi 'bado' kavu namna ile." Baada ya wiki akaanza tena habari za ukarani, eti nafasi bado ipo. Nikamkumbusha mwaka wangu. Akanuna. Nikamwacha anune. Zamani ningeomba radhi.

Hakuna aliyepotea. Nimeuliza. Nimezunguka mitaa ya Mkoani nikiulizia watoto wa watu kama wanakula, kama wanacheka, mpaka wameniona mwehu. Wote wazima.

Mimi sina usalama kamili, sitakudanganya. Hodi sisemi zaidi ya mbili popote, hata kwa dada yangu. Mwanzoni nilikuwa nikikaa nje ya nyumba za watu nangoja kufunguliwa, mvua ikaninyeshea, watu wakasema nimesoma nikaharibika. Waseme. Hodi nikipigiwa siitikii mpaka niuone uso, na wageni wa mama wanadhani sina malezi. Nayo picha ninayo. Nimeitumia mara mbili tangu siku ile, Chake Chake na Wete, kwa sababu ni nyumba nzuri na nuru yake ni nzuri, na kila mara huwapigisha watu hodi mbili kwanza. Nyayo zimo, za kutoka tu. Waganga wawili wamenishauri niifute yaishe, na mmoja alikasirika nilipokataa. Nikamuuliza: nikiufuta mlango, yule aliye nje atarudi wapi? 

Kwa hivyo wewe unayepita pita na simu yako mkononi, ukipiga picha kila ukuta wenye ufa kwa sababu unapendeza, nakuonya. Piga hodi. Ukiona uwanja umefagiliwa na nyumba haina moshi, piga hodi mara mbili na urudi nyuma. Na kama umeshakosea kama mimi, usikubali kutishwa ukaharibu kazi yako, na usikubali mtu akuharakishe. Wenye haraka ni wao.

Mimi kila nikiwasha projekta katika chumba chenye giza, kabla picha haijapanda, hunijia sauti ile karibu na sikio, haina hasira, ina subira ya mtu mwenye nyumba yake.

"Na ya tatu, mtoto wa Faki?"

"Bado, bibi," humwambia, maana baba alisema nisimjibu kavu, kisha naendelea na kazi.